Upele: maswali tunayoulizwa kila siku katika kituo cha afya, Goma

Maswali haya yametoka kwa watu wa Majengo, Ndosho, Mugunga na Kyeshero. Wengi walikuwa wameshanunua dawa moja au mbili farmasi kabla ya kuja kwetu. Tumeyaacha jinsi yanavyoulizwa. Kama una haraka, ruka moja kwa moja hadi swali la Papa (baba wa nyumba) asiyejikuna, maana hapo ndipo nyumba nyingi hushindwa.

Upele unaletwa na nini?

Unaletwa na utitiri mdogo sana aitwaye Sarcoptes scabiei. Jike ana urefu wa milimita 0.3 hadi 0.4, kwa hiyo hata mwenye macho makali ataona nukta tu. Akishafika mwilini hutoboa ngozi ya juu kabisa na kutembea humo, huku akitaga mayai mawili au matatu kwa siku, na maisha hayo huendelea mwezi mmoja hadi miwili. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne, na baada ya wiki mbili hivi watoto nao wako tayari kuanzisha ukoo wao. Si damu mbaya, si kurogwa, wala si maji ya ziwa. Bonomo na Cestoni, wataalamu wawili wa Italia, walishamtaja kidudu huyu kuwa ndiye chanzo mwaka 1687.

Watu hushangaa wakisikia kwamba mgonjwa wa kawaida hana zaidi ya vidudu 10 hadi 15 mwili mzima. Mwasho unaokukosesha usingizi hautokani na wingi wao. Ni mwili wako unaomkataa kidudu, mayai yake na kinyesi chake. Ukilishika hilo, majibu mengine mengi hapa chini yataeleweka kwa urahisi.

Mgeni aliyetuletea aliondoka mwezi uliopita. Mbona mtoto anaanza kujikuna leo?

Kwa mtu ambaye hajawahi kupata upele, mwili huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kuanza kuukataa. Muda wote huo anaonekana mzima, lakini anaweza kuambukiza. Aliyewahi kuugua huanza kuwashwa ndani ya siku moja hadi nne. Kwa hiyo msigombane sana kutafuta aliyeleta. Huenda aliyeleta ndiye wa mwisho kujikuna.

Nitajuaje kama ni upele na si kitu kingine?

Uliza mambo matatu. Mwasho unazidi usiku? Kuna mwingine nyumbani anayejikuna? Vipele viko wapi? Upele hupenda katikati ya vidole, ndani ya kifundo cha mkono, viwiko, makwapa, kiunoni pale mkanda unapokaa, matako, kuzunguka chuchu kwa wanawake na kwenye uume kwa wanaume. Mwanaume mwenye vipele vigumu vinavyowasha kwenye uume, na ambaye mke wake pia anajikuna usiku, mara nyingi hana haja ya vipimo vingi. Kwa mtu mzima kichwa na uso huwa salama. Kwa mtoto mchanga ni tofauti: tazama nyayo, viganja, hata kichwani.

Kituoni tunachukua tochi ya simu, tunamwambia mgonjwa atanue vidole, tunamulika kwa upande. Ukibahatika utaona kijia cha kidudu: mstari mwembamba kama uzi, umepinda kidogo, urefu wake haufiki sentimita moja, na mwishoni kuna kanukta. Kama hauonekani, paka wino wa kalamu ya bik juu ya kipele unachokishuku, subiri kidogo, kisha futa kwa pamba yenye alkoli. Wino wa juu huondoka, ule ulioingia kwenye kijia hubaki. Si kila mara hufaulu, hasa ngozi ikiwa imeshakunwa hadi kuchubuka, na kutouona mstari hakumaanishi kwamba huna upele.

Si mpox?

Tangu Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, kila mwenye vipele Goma huingia kituoni na hofu machoni. Ni haki yake, kwa sababu aina mpya ya virusi hivyo iligunduliwa kwa jirani zetu, Kamituga, Kivu Kusini. Ila magonjwa haya mawili hayafanani sana ukiyatazama vizuri. Mpox kwa kawaida huja na homa, uchovu na kuvimba tezi, na vidonda vyake ni vya duara, vinajaa maji kisha usaha, mara nyingi vina kibonyeo katikati, na vinaweza kutokea usoni. Vinauma kuliko vinavyowasha. Upele hauleti homa, isipokuwa kama vidonda vimeingiwa na bakteria. Ukiwa na homa na malengelenge, usijipake chochote. Njoo uonwe, na usimguse mtu njiani.

Ni ugonjwa wa watu wachafu?

Hapana. Kidudu hakijali umeoga mara ngapi, na sabuni haimfikii chini ya ngozi. Anachohitaji ni ngozi mbili kugusana kwa muda, na hilo hutokea zaidi watu watano wanapolala kwenye godoro moja. Upele unafuata msongamano. WHO inakadiria kwamba wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 duniani wanao, na mwaka 2017 iliuweka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahauliwa.

Naweza kuupata kwa salamu? Kwa mitumba? Kwenye moto, yaani pikipiki?

Salamu ya mkono, au ile yetu ya kugusanisha vichwa upande huu na ule, ni fupi mno. Kwa kawaida kidudu anahitaji dakika kumi, kumi na tano za kugusana. Kulala pamoja, kufanya mapenzi, kumbeba mtoto mgongoni kutwa nzima, watoto kucheza huku wameshikana: hizo ndizo njia zake. Abiria na motari wana nguo kati yao, na safari ya kutoka Katindo hadi Birere haitoshi.

Kuhusu mitumba, kidudu akitoka mwilini kwa kawaida hufa ndani ya siku mbili tatu. Baloti, yaani furushi la mitumba, iliyosafiri baharini wiki nyingi haina upele, hata kama ina harufu. Hatari ndogo iko kwenye koti ambalo mtu mwenye upele amelivua asubuhi nawe ukalivaa jioni. Kuna aina moja tu ya upele inayoambukiza kwa urahisi hata kupitia nguo, blanketi na kiti, nayo ina swali lake chini.

Kuna dawa gani?

Ziko za kupaka na za kumeza, na zote hufanya kazi zikitumiwa sawasawa.

Permethrini ya asilimia 5 ni krimu. Inapakwa mara moja, inaachwa saa 8 hadi 12, kisha unaoga, na unarudia baada ya wiki moja. Tyubu ya gramu 30 humtosha mtu mzima mmoja. Haiunguzi, na inafaa hata kwa mtoto wa miezi miwili. Tatizo ni kwamba haipo kila farmasi, na kwa nyumba ya watu wanane bei inakuwa mlima.

Benzili benzoati ya asilimia 25 ni dawa ya maji meupe mazito, na ndiyo watu wengi hapa wanaijua. Tikisa chupa kwanza. Inaachwa mwilini saa 24 ndipo unaoga. Kituo kinaweza kukuambia urudie siku inayofuata, na tena baada ya wiki. Inaunguza, tena sana, kwenye ngozi iliyochunwa na kucha. Kwa watoto lazima ipunguzwe kwa maji safi, na kiasi kinategemea umri, kwa hiyo muuguzi akuandikie kwenye karatasi, usikisie. Soma asilimia kwenye chupa kabla ya kununua, maana zinazouzwa hazilingani nguvu.

Marhamu ya salfa, asilimia 6 hadi 10, ni ya zamani, inanuka na kuchafua nguo, lakini ni rahisi na ni salama kwa watoto wachanga na wajawazito. Hupakwa usiku tatu mfululizo. Vijana huidharau. Mimi siidharau.

Ivermektini ni vidonge. Kipimo ni mikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 60 humeza miligramu 12, yaani vidonge vinne vya miligramu 3, pamoja na chakula. Haiui mayai. Ndiyo maana lazima umeze tena baada ya siku 7 hadi 14, wakati mayai yaliyobaki yameshaanguliwa na watoto hawajaanza kutaga. Anayemeza mara moja akaona nafuu na kuiacha dozi ya pili, anafuga kizazi kipya. Haipewi mtoto aliye chini ya kilo 15 wala mjamzito.

Ivermektini si ile dawa ya upofu wa mto wanayogawa vijijini?

Ndiyo hiyo hiyo. Kampuni ya Merck imekuwa ikiitoa bure kwa ajili ya upofu wa mto tangu 1987, na William Campbell na Satoshi Ōmura walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kuivumbua. Lakini dozi moja ya mwaka ya kampeni haitibu upele.

Kuna onyo moja ambalo farmasi nyingi hazilitoi. Katika misitu ya Kongo kuna mnyoo wa Loa loa, ule unaoonekana ukipita kwenye weupe wa jicho. Mtu mwenye minyoo hiyo kwa wingi kwenye damu akimeza ivermektini anaweza kupata madhara mabaya ya ubongo, hata kupoteza fahamu. Goma ina watu kutoka kila pembe. Kama umeishi msituni upande wa Ituri, Tshopo, Uele au Équateur, au umewahi kuona mnyoo jichoni au kuvimba mkono kunakohama-hama, mwambie daktari kabla ya kumeza. Dawa ya kupaka itakutosha.

Nijipake vipi?

Jioni, baada ya kuoga na kukauka, kuanzia shingoni hadi nyayo. Si pale panapowasha tu. Watu hupaka vipele na kuacha ngozi nzima, na kidudu yuko pale pasipo na kipele bado. Pitisha katikati ya kila kidole cha mkono na mguu, chini ya matiti, kitovuni, sehemu za siri, mfereji wa matako. Kata kucha fupi na usukume dawa chini yake, kwa sababu huko ndiko vidudu na mayai hujificha baada ya kujikuna. Mgongo apake mwingine. Kwa watoto wadogo paka na kichwa pia, ukiepuka macho na mdomo.

Ukinawa mikono kupika bugali, paka mikono tena. Mama wengi wanapona mwili mzima wakabaki na upele vidoleni kwa sababu hii. Kwa mama anayenyonyesha, futa dawa kwenye chuchu kabla ya kumpa mtoto, kisha upake tena.

Papa wa nyumba hajikuni na hataki dawa. Tumwache?

Hapana, na hili ndilo jibu muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu. Rudi kwenye zile wiki nne hadi sita: Papa anaweza kuwa na vidudu leo na asihisi chochote. Mkijitibu ninyi sita yeye akabaki, mwezi ujao mnarudi kituoni mkisema dawa ni feki. Mara chache sana dawa ndiyo mbaya. Mara nyingi kuna mtu mmoja aliyeachwa: Papa aliyekuwa safarini Masisi, dada wa kazi anayelala jikoni, binamu anayekuja wikendi, koko (bibi au babu) ambaye watoto hulala naye.

Kila anayelala chini ya paa hilo, na kila mpenzi, atibiwe siku moja, usiku uleule, na kurudia siku moja. Kama pesa inatosha watu wanne tu kati ya wanane, ni afadhali msubiri wiki mbili mkusanye ya wote, au mchague dawa ya bei nafuu kwa wote, kuliko kuwatibu nusu kwa dawa nzuri. Kwa Papa mgumu, tumeona kumhubiria hakusaidii. Mama amwambie tu kwamba muuguzi amesema asipopaka yeye, hela ya wengine imepotea. Hesabu hiyo humwingia.

Maji tunanunua kwa bidoni. Nitafuaje kila kitu?

Usifue kila kitu. Mji huu umekaa juu ya mawe ya volkano, bidoni ya lita 20 inasukumwa kwa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, au kubebwa kichwani, na ushauri wa vitabu wa kuchemsha nguo zote umeandikwa na watu wenye bomba jikoni. Siku ya dawa, fua tu nguo na mashuka vilivyogusa mwili siku tatu za mwisho, kwa maji ya moto kama yapo, uanike juani. Vingine vyote, mablanketi, makoti, midoli ya watoto, tia kwenye mfuko wa plastiki au gunia, funga, weka pembeni. Siku tatu hutosha kwa kawaida. Kwa kuwa kidudu huishi muda mrefu kidogo penye ubaridi na unyevu, na Goma haikosi vyote viwili, mimi husema wiki. Godoro litoe nje juani, au lifunike kwa kitenge safi. Usilichome moto. Na usipulize dawa ya mende ndani ya nyumba: itawadhuru watoto na haigusi kidudu aliye chini ya ngozi.

Nimemaliza dawa, bado nawashwa. Niongeze?

Ngoja. Vidudu waliokufa wanabaki ndani ya ngozi hadi ngozi ya juu ijivue, na mwili unaendelea kuwakataa. Mwasho wa wiki mbili hadi nne baada ya tiba ni kawaida, mradi unapungua. Vidonge vya mzio usiku na mafuta ya kawaida ya ngozi vinasaidia. Ukiendelea kujipaka benzili benzoati kila siku utapata mwasho wa dawa yenyewe, na huo tunauona sana. Rudi kama unaona vipele vipya au vijia vipya, au kama wiki nne zimepita bila nafuu.

Jirani alipona kwa petroli. Na krimu ya dukani je?

Petroli, mazuti, maji ya betri na dawa ya mende huunguza ngozi, na kwa mtoto huingia hadi kwenye damu. Tumepokea watoto waliochomeka hivyo.

Krimu ni mtego zaidi kwa sababu inapendeza. Krimu nyingi za kujichubua na zile zinazouzwa kwa «mzio» zina clobetasol au betamethasone. Hizi hutuliza mwasho kwa siku chache, vipele vinafifia, nawe unasema umepona. Kumbe kinga ya ngozi imelala na vidudu wanaongezeka kwa utulivu. Akija kwetu baada ya miezi miwili, upele wake hauna tena sura ya upele, na hata sisi unaweza kutudanganya.

Vipele vimetoa usaha. Ni hatari?

Ndiyo, usidharau. Kucha hufungua mlango kwa bakteria, hasa streptokoki na stafilokoki. Vidonda hivyo vinatibiwa kwa antibiotiki ya kumeza, na kwa kawaida tunavituliza kwanza kabla ya kupaka dawa inayounguza. Streptokoki wa ngozi anaweza kuharibu figo wiki chache baadaye. Mtoto mwenye upele aliyevimba uso asubuhi, au anayekojoa mkojo mchache wa rangi ya kahawia, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Ule upele wenye magamba mazito ni huu huu?

Ni kidudu yuleyule, lakini mwili hauna nguvu ya kumzuia, kwa hiyo badala ya vidudu 10 kuna maelfu, hata mamilioni. Huwapata wazee dhaifu, wenye Ukimwi usiotibiwa, wanaotumia dawa za kushusha kinga. Ngozi hujaa ukoko mzito, mara nyingine bila mwasho wowote. Mgonjwa huyu mmoja anaweza kuambukiza wodi nzima. Si wa kutibiwa nyumbani: anahitaji dawa ya kupaka na ivermektini kwa pamoja, mara kadhaa, na apimwe kujua kwa nini kinga imeshuka.

Mtoto arudi shule lini?

Kesho yake, baada ya dozi ya kwanza. Mwalimu akimrudisha kwa sababu bado anajikuna, omba karatasi kituoni.

Tunaishi wengi, au tumepokea ndugu waliokimbia vita. Tutamaliza lini?

Walioishi kwenye kambi za waliokimbia vita za Bulengo au Lushagala wanajua jinsi upele unavyozunguka kibanda hadi kibanda. Panapokuwa na wengi hivyo, kutibu familia moja moja ni kuchota maji kwa mikono. Fiji walijaribu njia nyingine: waliwapa watu wote wa jamii ivermektini, wagonjwa na wazima. Waliokuwa na upele walikuwa asilimia 32, na mwaka mmoja baadaye walibaki asilimia 2 hivi. Leo WHO inashauri tiba ya watu wote pale upele unapofikia asilimia 10 ya wakazi au zaidi. Kama avenyu yenu nzima inajikuna, msije mmoja mmoja. Mwambieni mhudumu wa afya wa mtaa aje ahesabu nyumba.

Mbwa na simbilisi wetu wanatoa manyoya. Wametuambukiza?

Wana utitiri wao. Unaweza kukuwasha siku chache, lakini hauzaliani kwenye ngozi ya mtu. Watibiwe kwa ajili yao wenyewe.

Nina sindano ya ivermektini ya ng'ombe. Naweza kuinywa?

Usiinywe. Wanaotoka kufuga Masisi hutuuliza hili kila mara. Chupa ya mifugo ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, zaidi ya vidonge vitatu vya binadamu kwenye mililita moja tu ya bomba la sindano, na imechanganywa na viyeyusho vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuchomwa chini ya ngozi ya ng'ombe. Ile ya kumwaga mgongoni ni mbaya zaidi. Iache kwa ng'ombe, uje tukupime uzito.